Kufuli la Mama Mkwe

Kwa Wakisii, mama mkwe haingii chumba cha kulala cha mkwewe. Si suala la ufunguo. Hata nyumba ikishika moto atasimama kwenye korido aite majirani, kwa sababu aibu ya kuona kitanda cha mume wa binti yake ni kubwa kuliko moto. Hampi mkono, hataniani naye, na akiwa na neno zito la kumwambia hulipitisha kwa binti yake, hata kama mkwe mwenyewe ameketi pale pale anakula ugali.

Nahashon Nyamweya aliijua mila hiyo tangu utotoni, na hakuwahi kuona ina faida gani mpaka mwaka huu, alipotafuta mahali pa kuficha bangi.

Tafadhali, usinikunjie uso. Ni bangi halali. Sheria ya Minnesota siku hizi inamruhusu mtu mzima kuotesha nyumbani kwake miche minane, na minne tu kati yake iwe imetoa maua, mradi iwe mahali palipofungwa pasipoonekana na wapita njia. Nahashon ni mtu mzima. Ana uraia, ana nyumba yake Brooklyn Park, ana kazi ya uuguzi katika nyumba moja ya wazee kule Bloomington, na kila Sabato anaimba sauti ya besi kanisani mpaka viti vinatetemeka. Kuvuta? Hata sigara hajawahi kuishika. Ugonjwa wake ni mwingine kabisa: yule ni mkulima.

Sasa mweke mkulima Minnesota uone. Ardhi inaganda na kuwa ngumu kama sakafu, na inakaa hivyo miezi. Nahashon alikulia kwenye migomba na majani chai, na kila ifikapo Novemba mikono ilimwasha. Alijaribu sukuma wiki ndani ya ndoo dirishani, ikarefuka, ikapauka, ikafa. Alipokuwa anaitupa ile maiti ya sukuma wiki nje, jirani yake Duane, mzee mmoja mstaafu wa kuendesha malori mwenye ndevu za kufika kifuani, alimwonea huruma. Duane alikuwa amenunua hema jipya la kuoteshea, la zamani akampa Nahashon pamoja na vikorokoro vyake vyote: taa, feni, saa ya kuwasha na kuzima taa, na chujio la mkaa la kumeza harufu. Akampa na miche.

"Huu mmea," Duane alimwambia, "hata mjinga anauotesha."

Nahashon akanasa. Lo, alinasa vibaya! Lile hema jeusi lilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na ndani limepakwa rangi ya fedha, linang'aa kuta zote. Alifungua zipu yake asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Alipima joto, alipima unyevu, alionja maji kama mpishi anayeonja mchuzi. Ulipofika wakati wa maua alihakikisha taa inakaa saa kumi na mbili imewaka na saa kumi na mbili imezimwa, kwani mmea huo ukiona hata mwanga wa simu wakati wa giza lake, hukasirika na kuanza kutoa mbegu. Mmea mrefu kuliko yote aliupa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa ulikula kwa niaba ya wenzake wote na kwa muda mrefu haukuleta maendeleo yoyote. Kisha siku moja Mheshimiwa akatoa vichala vya maua vinene kama gunzi la mahindi, na Nahashon akapiga makofi peke yake kule besimenti, chumba cha chini ya ardhi alikoliweka hema.

Kila Desemba Duane na wazee wenzake wa mtaa hukutana katika gereji yake kushindanisha mimea yao. Mshindi hupewa koleo la theluji lililopakwa rangi ya dhahabu. Ni koleo tu, hata mpini una ufa. Lakini Nahashon alilitamani lile koleo kuliko gari jipya, na Duane mwenyewe alipomwona Mheshimiwa alisema, "Mwaka huu nimekwisha."

Basi ndipo Kemunto, mke wake, alipoleta habari. Anahitimu chuo kikuu mwezi wa Desemba, na mama yake amepata viza. Anakuja kabla ya sikukuu ya Waamerika ya bata mzinga, mwishoni mwa Novemba, atakaa mpaka baada ya mahafali.

Hapo lazima nikueleze jambo, ndipo uelewe kwa nini Nahashon alikaa chini ghafla. Mama Keziah, mama yake Kemunto, hakuwa anaitaka ile ndoa. Si kwa sababu ya Nahashon, bali kwa sababu ya baba yake mdogo, marehemu Onchari, aliyekuwa akivuta bangi hadharani na kuwahutubia ng'ombe wa watu kama mgombea wa ubunge. "Binti yangu haolewi kwenye nyumba ya bangi," Mama Keziah alisema siku ya mazungumzo kule Nyamira, na wazee wakaangalia chini. Ilibidi Nahashon asimame mbele ya wote na kuapa: hajawahi kuvuta, na hatavuta mpaka aingie kaburini. Mama Keziah alikubali, ila hakusamehe. Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, hajawahi kumwita mkwe wangu. Akipiga simu kutoka nyumbani humwuliza Kemunto, "Yule hajambo?"

Yule! Nahashon alikuwa akisikia neno hilo kwenye simu akiwa anaosha vyombo, na kila mara lilimchoma. Mama yake mzazi alikuwa amekufa. Alitaka mama mmoja tu duniani wa kumwita kwa jina la undugu.

"Hema litoke besimenti," Kemunto alisema. "Mama atalala huko, hawezi kulala ukuta mmoja na wewe. Na mimi simo, unasikia? Mimi nina mitihani."

"Nitalipeleka wapi?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka kuangalia mlango wa chumba chao cha kulala, na Kemunto akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Hakuna kufuli lililotengenezwa na fundi yeyote wa Amerika ambalo lingemzuia Mama Keziah kufungua kitu alichotaka kukiona. Kufuli la mila lingemzuia.

Nahashon alihamisha hema Jumapili nzima, kipande kwa kipande, kama anayehamisha mgonjwa. Na hapo, kwa bidii yake mwenyewe, akajichimbia shimo. Alikuta chujio la mkaa limejaa vumbi. Mama mkwe anakuja, nyumba yote imesuguliwa, halafu chujio liwe chafu? Muuguzi ni muuguzi. Akalitia kwenye beseni la kuogea, akaliosha kwa sabuni na maji ya moto mpaka likatakata. Hakujua kwamba mkaa ule ukishalowa hauna kazi tena. Alilifunga juu ya hema likiwa safi na bure kabisa.

Mama Keziah alifika na sanduku la unga wa wimbi, na kitambaa kichwani, na macho yasiyopitwa na kitu. Alikaa sebuleni, akatazama kuta, akatazama mapazia, akamtazama Nahashon kwa nusu ya jicho kama mila inavyotaka.

"Kemunto, mwambie yule nashukuru kunipokea."

"Mama, yuko hapo."

"Ndiyo maana nakwambia umwambie."

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Taa iliwaka mchana wakiwa kazini, na Nahashon alikuwa ameziba chini ya mlango kwa taulo. Mama Keziah alipogundua kwamba mlango wa chumba hufungwa daima na hata taulo huwekwa, alitabasamu peke yake na kusema, "Wacha wafunge. Nitapata mjukuu." Jambo moja tu lilimshangaza Nahashon: kila akirudi kutoka kazini akatundika koti lake mlangoni, baadaye alilikuta kwenye ndoano nyingine. Alidhani mama anapenda kupanga vitu.

Kisha baridi ikaingia kwelikweli. Mtambo wa kupasha nyumba joto ukawa hauzimi. Na mtambo ule, kama hujui, hunyonya hewa ya vyumba vyote na kuisukuma tena nyumba nzima kupitia matundu ya sakafuni na ya ukutani. Ulinyonya chumbani kwa Nahashon, ambako Mheshimiwa na wenzake walikuwa wamechanua na kunuka kwa nguvu zao zote, ukasukuma mpaka besimenti, juu ya kitanda cha Mama Keziah.

Asubuhi Mama alipanda ngazi amejifunga shuka puani.

"Kemunto, muulize yule. Ni nini kinanuka chumbani kwangu?"

Uji ulimpalia Nahashon. Akakohoa, akanywa maji, na uongo ukamjia wenyewe, umevaa nguo kabisa.

"Ni kicheche," alisema. "Huku wako wengi. Mnyama mdogo mweusi, ana mstari mweupe mgongoni. Huingia chini ya nyumba wakati wa baridi."

"Kicheche," alirudia Mama Keziah, akimtazama kwa muda mrefu kuliko mila inavyoruhusu.

"Ndiyo. Wa Amerika."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema waliotangulia, ila hawakusema kwamba pia ina watu wengi. Mama Keziah hakulala na habari ya kicheche. Alikaanga pilipili chini ya ngazi ili moshi umtoe, wakalia nyumba nzima mpaka king'ora cha moshi kikalia nao. Alimwekea ugali kwenye sahani karibu na mtambo wa joto kumvuta nje. Na ilipofika Sabato, baada ya ibada, akasimama mbele ya Wakenya wote wa kanisa na kuomba maombi: nyumba ya binti yake imevamiwa na kicheche, hatoki, ananuka mchana na usiku.

Nahashon alitamani sakafu ifunguke. Nusu ya kanisa lile ni wauguzi. Wanapanda basi na treni za Minneapolis, wanaingia lifti za wagonjwa. Kila mmoja wao anaijua harufu hiyo kama anavyoijua chai.

Walikuja jioni ya Alhamisi, na chapati, na mandazi, na nyuso za watu waliokuja kuona, si kuomba. Wakaongozwa na Philister, mke wa mchungaji, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Aliingia, akavuta pumzi mara moja, akasimama. Akavuta tena, taratibu, kama mtu anayehakikisha.

"Ndugu Nahashon. Huyu kicheche ni wa aina gani?"

"Wa kawaida tu, mama mchungaji."

"Anakula majani?"

Mtu mmoja kwenye kochi alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Nahashon alisema hajui anakula nini. Philister akasema vicheche wengine anaowasikia huwa wanapenda taa kali, na Kemunto akakimbilia jikoni akidai chai inafurika.

Wakapiga magoti. "Bwana," Philister alianza, "unaona kila kilichofichwa. Huyu kicheche aliyejibanza mahali pa siri katika nyumba hii, mahali ambapo mama yetu hawezi kuingia..." na hapo mtambo wa joto ukawaka. Pfuu! Hewa ikapanda kutoka tundu la sakafuni katikati ya waombaji, nzito, mbichi. Vitambaa vya kichwa vikaanza kutikisika kimoja baada ya kingine. Watu wazima, waumini wa miaka na miaka, walikuwa wamejiuma midomo na machozi yanawatoka. Mama Keziah peke yake alikuwa akiomba kwa dhati, amefumba macho, akisema amina.

Walipoondoka, Mama alimwita binti yake na kusema mbele ya Nahashon, "Mwambie yule, siwezi kukuacha na mnyama chini ya nyumba. Tiketi yangu isogezwe. Nitakaa mpaka kicheche atoke. Hata ikifika Pasaka."

 Kemunto alimtazama mumewe tu, kwa macho ya mtu mwenye mitihani.

Sasa sikia. Kesho yake chujio jipya la mkaa lilifika mlangoni kwenye boksi. Nahashon alikuwa ameliagiza kisiri. Alilishika mikononi, akafikiria, na shetani akaketi naye ngazini. Mpango ulikuwa mtamu mno! Afunge chujio jipya leo, harufu ikatike, kanisa liseme Mungu amejibu, mama arudi nyumbani kwa furaha, na Mheshimiwa amalize maua yake kwa amani mpaka siku ya koleo. Hakuna aliyeumia. Hata Mungu angepata sifa.

Alishuka besimenti kuchukua ngazi ya kupandia. Mlango wa Mama ulikuwa wazi kidogo, naye akageuza uso upesi, kwa kuwa huko nako yeye haruhusiwi kuchungulia. Lakini masikio hayana kope. Mama Keziah alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, anaomba kwa Kikisii kwa sauti ya chini. Hakuwa anaomba habari ya kicheche. Alikuwa anamwombea yule. Kwamba kazi yake isimvunje mgongo. Kwamba barabara za barafu zimwache salama. Kwamba ashike neno lake.

Nahashon alisimama na ngazi begani, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Mwanamke mzima amevuka bahari, amelala chini ya ardhi katika baridi, anamwombea mtu aliyemwambia kwamba bangi ni mnyama. Aliirudisha ngazi mahali pake. Alichukua mkasi.

Maua ya Mheshimiwa yalikuwa bado na nywele nyeupe. Yalihitaji siku chache tu, na mkulima yeyote akiona hivyo anajua ni dhambi kukata. Nahashon alikata. Alikata mmoja baada ya mwingine, akikaza meno, na alipofika kwa Mheshimiwa alisema samahani kwa sauti. Akatia yote kwenye mifuko myeusi ya taka, akaiburuta juu ya theluji mpaka kwa Duane. Duane alifungua mfuko, akaangalia ndani, akavua kofia.

"Kwa nini?"

"Mama mkwe," Nahashon akasema.

Duane alitikisa kichwa. Yeye naye aliwahi kuwa na mama mkwe.

Harufu ilikatika kesho yake. Mama Keziah alitoa ushuhuda kanisani kwa dakika nyingi kuliko mahubiri, na Philister akasema haleluya akimtazama Nahashon bila kupepesa. Kemunto alihitimu, wakapiga picha kwenye baridi mpaka midomo ikawa ya majivu. Koleo la dhahabu likaenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili ambaye mimea yake, kwa kauli ya Duane, isingefaa hata kufagilia.

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege mapema. Mama Keziah alisimama kabla ya ukaguzi, akaweka sawa kitambaa chake, akamgeukia binti yake. Nahashon alikuwa hatua mbili pembeni, ameshika sanduku.

"Kemunto, mwambie mkwe wangu."

Nahashon aliliachia sanduku, likaangukia mguu wake.

"Mwambie mkwe wangu kwamba harufu ya Onchari nimeinusa maisha yangu yote, leo niambiwe ni kicheche? Mwambie kila siku nilinusa koti lake, na koti halikuwa na moshi. Aliapa hatavuta, na hakuvuta. Habari ya kulima hakuna mtu aliyemuuliza siku ile."

"Mama!" Kemunto alishika mdomo.

"Mwambie ningeweza kunyamaza. Lakini nilitaka kujua, kati yangu na ule mmea, angemtoa nani nyumbani. Nikamwona kwenye kidirisha changu akiburuta mifuko kwenye theluji, analia kama aliyefiwa. Basi nikajua binti yangu yuko kwa nani." Akainua mkoba wake. "Na mwambie jani moja lilianguka njiani. Nimelifukia kwa kiatu. Siku nyingine asiwe mzembe."

Akaenda, bila kumpa mkono, kama inavyopasa. Nahashon alibaki amesimama na mguu unauma, hajui kama acheke kwa kuitwa mkwe au alie kwa ajili ya Mheshimiwa aliyekatwa bure. Akafanya vyote viwili, pale pale, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama yuko sawa.

Mwezi wa pili simu ilipigwa kutoka Nyamira. Kemunto alikuwa anakanda unga, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi. Wakasalimiana, wakaulizana mvua na theluji. Kisha Mama Keziah akasema, "Mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo, Mama. Yuko hapa anaosha vyombo."

"Muulize, kicheche je?"

Nahashon alifuta mikono. Akatazama mlango wa besimenti, ambako hema lilikuwa limerudi mahali pake na chujio jipya juu yake.

"Mwambie Mama hajambo," alisema. "Bado ni mdogo."